Plastiki Iongoze Hewa, Isiifungie

Tarehe 9 Septemba 2010, huko Moab katika jimbo la Utah, Marekani, mzinga uitwao Big 10 Inch ulirusha boga likaenda futi 5,545, karibu kilomita 1.7. Haukutumia baruti hata chembe. Kilichofanya kazi ni hewa iliyoshindiliwa ndani ya tangi, vali iliyofunguka ghafla, na bomba refu lililoelekezwa mbinguni.

Wamarekani wana mapenzi ya ajabu na mizinga hii. Mashindano ya kurusha maboga yalianza Delaware mwaka 1986, na kwa miaka mingi yalivuta maelfu ya watazamaji kila vuli. Nyuma ya mizinga mikubwa ya mashindano kuna kundi jingine, la watu wa gereji za nyumbani wanaojenga mizinga midogo ya kurusha viazi au mipira ya tenisi. Hao ndio wanaohusika hapa, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yao ni plastiki iliyokerezwa.

Kukereza ni kazi ambayo Kiswahili kiliipa jina zamani. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kabla nguzo ya umeme haijasimamishwa mjini. Kilichobadilika ni kinachowekwa kwenye mashine, na plastiki ina tabia zake. Anayedhani ni mbao laini tu ataumbuka.

Moyo wa mzinga wa hewa ni pistoni ya vali. Ikiwa nzito, inachelewa kufunguka na hewa inapoteza ukali wake. Ndiyo maana wengi hukiacha chuma na kuchukua asetali, plastiki ngumu ambayo DuPont iliiingiza sokoni mwaka 1960 kwa jina la Delrin. Ni nyepesi, inateleza bila mafuta mengi, na inakatika vizuri kiasi kwamba fundi mgeni hujiona bingwa siku ya kwanza.

Siku ya pili pistoni imelegea. Plastiki haipitishi joto upesi, kwa hiyo moto wa kisu hubaki pale pale kilipogusa. Kipande cha asetali chenye upana wa milimita 50 kikipanda joto nyuzi 20 hutanuka karibu moja ya kumi ya milimita, mara tisa hivi ya chuma. Fundi anakipima kikiwa bado na joto, anaridhika, anazima taa. Asubuhi kimenywea. Tena akikibana sana kwenye taya za mashine, kinakerezwa kikiwa kimebonyea, na kikiachiwa kinarudi na umbo ambalo si duara. Dawa yake ni kisu kikali kama wembe, kubana kwa upole, na subira ya kuacha kipande kipoe kabla ya kukipima.

Nailoni nayo ina kisa chake: hunywa maji. Aina ya nailoni 6 ikiloweshwa mpaka ishibe hubeba maji yanayofika asilimia 9 hivi ya uzito wake, na huvimba. Hewa inayotoka kwenye kompresa ina unyevu, kwa hiyo pistoni ya nailoni iliyochongwa kwa vipimo vya kubana sana inaweza kukataa kusogea. Asetali haifiki asilimia 1. Usisahau zile nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye taya wakati wa kukereza. Mashine huzimwa kwanza, kisha nyuzi hizo huondolewa kwa koleo, kamwe si kwa vidole.

Yote hayo ni makosa ya kujifunzia. Pistoni iliyokwama haimuui mtu. Lawama inastahili kuangukia kosa jingine, ambalo halifanyiki hata kwenye mashine: kufanya bomba la maji la PVC kuwa tangi la hewa.

Kinachomdanganya mjenzi ni namba iliyochapishwa ubavuni mwa bomba. Anaisoma, anaona kompresa yake haifiki hapo, anaamini yuko salama. Lakini namba ile ilipimwa kwa maji, katika joto la nyuzi 23 hivi. Maji hayashindiliki kwa urahisi. Bomba lake likipasuka, shinikizo linakwisha papo hapo na sakafu inalowa. Hewa ni kama springi iliyobanwa. Ikipata ufa hutanuka kwa nguvu zake zote na kutupa vipande vyenye ncha. Jua nalo linaongeza balaa: PVC ikifika nyuzi 60 hubaki na takriban asilimia 22 tu ya uwezo wake.

Hili halihitaji ubashiri. Mei 1988 idara ya usalama kazini ya Marekani ilionya dhidi ya kupitisha hewa iliyoshindiliwa kwenye mabomba ya PVC yaliyo juu ya ardhi, isipokuwa yamefunikwa kwa kitu kinachoweza kuzuia vipande. Onyo lilitolewa baada ya mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha Texas kuchanwa mkono na bomba lililopasuka. Hapo ni kiwandani, kwenye bomba la kawaida, wala hakuna aliyekuwa anarusha chochote.

Kuna watakaosema chuma nacho si malaika. Ni kweli. Novemba 2016 huko Bridgeville, Delaware, kipande cha mzinga wa hewa kiling'oka, kikajeruhi watu wawili, mmoja wao vibaya sana. Mwaka 2019 mashindano yalipofanyika tena yalikuwa yamehamia Rantoul, Illinois. Lakini ajali hiyo haiiteti PVC. Inaonyesha kwamba hata timu zenye uzoefu hazina nafasi ya kubahatisha, sembuse kijana aliye peke yake na gundi ya mabomba.

Kwa hiyo anayependa mchezo huu akereze apendavyo: pistoni, vizibo, pete za kuongozea. Hewa aihifadhi ndani ya mtungi wa kompresa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Mtungi huo una vali ya usalama inayofunguka yenyewe shinikizo likizidi. Bomba la maji halina.