Kuchanganya Ngoma Si Dhambi

Wapo watu ambao kazi yao ni kuulilia utamaduni matanga kila wanapowaona vijana wakicheza kitu kipya. Watu hao huwashutumu hata Wafilipino ambao, katika vikundi vyao vya mitaani, huchanganya ngoma za jadi na salsa. Ati huo ni usaliti kwa mababu! Hoja hiyo haina msingi.

Tuanze na huo unaoitwa usafi. Katika Pandanggo sa Ilaw, ngoma ya Mindoro, mchezaji hubeba taa moja kichwani na nyingine juu ya kila mkono. Ngoma hiyo ni mtoto wa fandango ya Hispania. Wananchi waliichukua ngoma ya mtawala, wakaitia taa zao, ikawa yao. Leo nani atathubutu kusema si ya Kifilipino?

Na salsa ni nini? Mzizi wake mkubwa ni son ya Cuba, iliyozaliwa pale gitaa la Wahispania lilipokutana na ngoma za Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Jina na umbo lake la leo vilikomaa New York katika miaka ya 1960 na 1970, mikononi mwa wahamiaji wa Puerto Rico na Cuba. Ikumbukwe kwamba Cuba, Puerto Rico na Ufilipino zote zilikuwa chini ya Hispania hadi 1898, na mwaka huo huo zote zikaangukia mikononi mwa Marekani. Basi salsa na ngoma za Ufilipino zinapokutana uwanjani, waliokutana si wageni. Ni ndugu waliobeba nira moja.

Hata hivyo, hatuwaungi mkono wavivu wanaojificha nyuma ya neno “kuchanganya”. Itazameni Tinikling ya Leyte, inayoiga ndege aitwaye tikling akiruka mitego ya mianzi ya wakulima wa mpunga. Watu wawili huchutama na kushika mianzi miwili. Huigonga chini mara mbili, kisha huigonganisha mara moja, na wachezaji huruka ndani na nje. Hayo ni mapigo matatu. Salsa huenda kwa manne. Anayetaka kuzioanisha hana budi kuyajua yote mawili barabara, la sivyo atabanwa kifundo cha mguu mbele ya watu. Mwanzi haupokei udhuru.

Mwalimu Francisca Reyes-Aquino aliliona hilo mapema. Katika miaka ya 1920 alikwenda vijijini kuzikusanya ngoma za wananchi wake, akaziandika hatua kwa hatua ili zifundishwe shuleni. Mwaka 1973 taifa lake lilimtunuku hadhi ya Msanii wa Taifa. Kazi yake haikuwa kuzifungia ngoma kabatini. Aliwapa vijana mtaji, na mwenye mtaji ndiye awezaye kufanya biashara na jirani bila ya kufilisika.

Somo hili linawahusu walimu na maofisa utamaduni popote walipo. Acheni kuwatisha vijana kwa jina la mababu. Wafundisheni kwanza hatua za mababu hao, mpaka miguu izijue, kisha waacheni wachanganye. Kijana asiyefundishwa cha kwao hachanganyi kitu, anaiga tu. Na lawama ya kuiga huko isiwekwe juu ya salsa. Iwekwe juu yetu tuliopewa dhamana ya kufundisha, tukakaa kimya.