HR Si Kazi ya Kumpa Binamu

Nianze na kisa changu. Baada ya kuacha chuo kwa kukosa karo, nilipata kibarua cha kukusanya data hapa Burat, nyumba kwa nyumba, jua la Isiolo likituchoma utosi. Shirika silitaji. Tuliambiwa kazi ni ya wiki mbili, ikaenda wiki saba. Pesa zilipochelewa tukauliza, "HR ni nani?" Tukaonyeshwa jamaa mmoja ambaye ndiye mhasibu, ndiye mtunza stoo, na (hii tulijua baadaye) ndiye binamu ya bosi. Sasa hapo unamlalamikia nani?

Baadaye ndipo nilikuja kujua kuhusu kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Kibarua akipiga kazi mfululizo ikafika mwezi, sheria inamhesabu kama mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi, na huwezi kumfukuza tu kwa simu jioni. Yule jamaa hakujua. Ama alijua akanyamaza, sijui ipi ni mbaya zaidi.

Watu hudhani HR ni mtu wa kuita interviu na kuandika barua za kufuta kazi. Hapa kwetu ni zaidi ya hapo. Burat wanaishi Waturkana, Wasamburu, Wameru, Waborana na Wasomali. Nafasi kumi za kazi zikitangazwa na orodha ibandikwe, hakuna anayesoma jina la kwanza. Wote macho kwa jina la mwisho. Sheria inajua hilo. Ofisi ya umma haifai kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja, na kaunti zinatakiwa kutenga angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi kwa watu wasiotoka jamii kubwa ya kaunti hiyo. Lakini karatasi haijiendeshi. Inataka watu.

Watu gani? Kwangu mimi, wa kwanza ni mwenye taaluma na cheti, maana tangu 2012 kuna sheria inayosajili wataalamu wa HR nchini. Kama shirika lako ni dogo, ungana na wenzako wawili watatu pale mjini mumlipe mmoja kwa zamu. Mshahara ushughulikiwe na mtu mwingine kabisa, asiyehusika kuajiri. Halafu kuwe na mtu wa hapa hapa, anayejua kwamba tangazo likiwekwa mtandaoni Ijumaa na mwisho ni Jumatatu, msichana wa Leparua ameshatolewa kwenye mchezo kabla hajaanza.

Najua mtaniambia huyo wa hapa ataleta watu wake. Ndiyo, akiachiwa. Kwa hivyo asitoe alama. Kazi yake iwe kufikisha habari kwa chifu, kanisani, msikitini na stejini za boda, basi. Alama zitolewe na wengine, kwa maswali yaliyoandikwa kabla hata fomu ya kwanza haijafunguliwa, na karatasi ziwekwe.

Na hii ya kuitisha vyeti vya polisi, KRA na HELB hata kabla ya interviu, jamani! Sheria ilirekebishwa 2022. Vyeti hivyo mwajiri anaitisha akishaamua kukupa kazi. Bado naviona kwenye matangazo kila wiki, na kijana anakopa pesa za saiba na nauli kutafuta makaratasi ya kazi ambayo hataitiwa.

Mwaka huu niliomba kazi kwingine. Wiki mbili baadaye SMS ikaingia: sikufaulu, nilipata alama 58, aliyechukuliwa alipata 71, na nilianguka kwenye kompyuta. Niliumia, sitadanganya. Lakini sikuuliza huyo wa 71 ni wa kabila gani. Jumatatu iliyofuata nilienda kuulizia bei ya kozi ya kompyuta.