Riziki ya Porini Singida
Atokaye peke yake alfajiri, akauacha mji wa Singida na ziwa Singidani lenye maji ya magadi, akapita baina ya majabali yaliyobanduliwa maganda na jua na mvua tangu dahari, hatakosa riziki njiani. Kwani masika yakiisha, mkole huzaa vitunda vya rangi ya hudhurungi, vidogo mfano wa njegere, vingine vimeungana viwili viwili, vyenye nyama haba lakini tamu na kokwa ngumu ya kutema, ambavyo watoto wachungao mbuzi huvifikia kabla ya msafiri. Basi na achume kwa insafu, kwa vidole wala si kwa panga, asionje tunda asilolijua, na awaarifu jamaa njia aishikayo. Ghairi ya hayo, starehe ya mtu mmoja hugeuka msiba wa wengi.