Lugha Zetu Zinaingia Chuo kwa Mlango wa Nyuma

Hapa Kamanyola, siku ya soko, ndani ya nusu saa utasikia Mashi, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili. Ni utajiri. Lakini kijana wetu akipata diploma na kutaka kusomea lugha ya nyanya yake katika chuo kikuu, ataambiwa apite kwanza kwa lugha ingine.

Tuseme wazi. Katika taasisi za ualimu, zile ISP, kwa miaka mingi utamaduni wa Afrika ulifungwa pamoja na Kiingereza, na lugha za Afrika pamoja na Kifaransa. Jina la idara lilianza na lugha ya mgeni; yetu ikafuata, imebebwa mgongoni. Na mwaka 1971, Serikali ilipounganisha vyuo vikuu kuwa UNAZA, fakilte ya letre ilipelekwa Lubumbashi. Toka huku mpaka Lubumbashi si safari ya mtoto wa mulimaji wa mihogo.

Wanatujibu: nafasi ni chache, lazima kuchuja. Hatukatai kuchuja. Tunauliza, munachuja na chujio gani? Mtihani wa Serikali, ulioanza 1967, unaandikwa kwa Kifaransa, na asilimia zake njo zinafungua mlango. Binti anayejua vitendawili vya Kifuliiru, majina ya mimea, maneno ya kuomba mchumba, hakuna anayemuuliza hata neno moja. Kiti kinapewa mwenzake aliyekosa nafasi ya udaktari, anakaa pale akingojea mwaka mwingine. Huyo atatuandikia nini?

Wakubwa wengine wanacheka: "Hiyo Mashi utakula?" Basi wasome Katiba ya 2006. Kifungu cha kwanza kinataja lugha nne za taifa, kisha kinasema lugha zingine ni urithi wa nchi na Serikali inapaswa kuzilinda. Sheria ya elimu ya 2014 nayo inaruhusu lugha za taifa au za mazingira zitumiwe katika kufundisha. Sawa, lakini mwalimu atatoka wapi, kama hakuna anayemwandaa?

Sarufi ya Mashi ya Louise Polak-Bynon ilitolewa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1975, kwa Kiingereza. Ile ya Kifuliiru, ya Karen na Roger Van Otterloo, ilitoka Marekani mwaka 2011, nayo kwa Kiingereza. Kazi nzuri, tunawashukuru. Ila mtoto wa Lemera apite tena Kiingereza ili asome sarufi ya mama yake? Kagaragu Ntabaza, aliyekusanya methali za Bashi katika Emigani bali Bantu, alionyesha kwamba hata mtu wa hapa anaweza.

Na wasituambie lugha zetu ni ndogo. Huko mashariki mwa Ujerumani kuna Wasorabi, watu kama 60,000 hivi, wachache kuliko Bashi, wachache kuliko Bafuliiru. Chuo kikuu cha Leipzig kina taasisi nzima ya lugha na utamaduni wao, na inaandaa walimu wao.

Tunataka idara inayosimama yenyewe, na mtihani wa kuingia wa kusema lugha, mbele ya mwalimu na mzee anayeijua, wenye uzito sawa na asilimia za diploma. Tena uwe wazi kwa wote: Mfuliiru asomee Mashi, Mushi asomee Kifuliiru, Mrundi naye aingie. Bonde hili la Ruzizi limeshaona lugha zikitumiwa kutenganisha watu, hatutaki kiti cha chuo kifanye vilevile. Taasisi za Bukavu na Uvira zinaweza kuanza na wanafunzi kumi tu.