TAZARA miaka 50: Treni ya abiria ipite msituni mchana

Julai 14, 2026 TAZARA, Reli ya Uhuru, inatimiza miaka 50 tangu China ilipoikabidhi rasmi kwa Tanzania na Zambia. Msomaji wetu wa Lalago, hapa Maswa, ana haki ya kuuliza sherehe hiyo inamhusu nini. Reli ya kwetu ni ile ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, na kituo chetu ni Malampaka, palipopakiwa pamba ya Maswa miaka nenda rudi. TAZARA haikanyagi hata mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa.

Lakini tuliilipia. China ilitoa mkopo usio na riba, ila gharama za humu nchini, ikiwemo mishahara ya vibarua, zilitokana kwa sehemu kubwa na mauzo ya bidhaa za Kichina zilizoletwa madukani kwa makubaliano maalumu. Mkulima wa hapa, enzi hizo Maswa ikiwa bado Shinyanga, aliyepokea fedha zake za pamba akanunua kitambaa cha Kichina, alichangia reli ambayo huenda hakuwahi kuiona. Kwa hiyo tunatoa pongezi kama wenye hisa, ingawa hati hatuna.

Historia yake inajulikana, hatutawachosha nayo. Benki ya Dunia iliona mradi haulipi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, shaba ya Zambia ikakosa njia salama ya kwenda baharini, na mwaka 1967 Nyerere na Kaunda wakakubaliana na China. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970, na kufikia katikati ya 1975 reli yote, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikuwa imetandikwa. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha katika kazi hiyo. Wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Watanzania na Wazambia waliokufa hawatajwi sana kwenye hotuba, na mwaka huu wangetajwa.

Tunachotaka kukisemea hasa ni kipande ambacho hotuba hukiruka zikikimbilia shaba. Treni ya kutoka Dar es Salaam ikishapita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na kuvuka Mto Ruaha Mkuu, milima ya Udzungwa inasimama upande wa kulia kama ukuta. Kushoto ni miwa, halafu mpunga wa bonde la Kilombero. Kulia ni msitu wa mvua unaopanda bila kukatika kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000, na katikati yake maji ya Sanje yanaanguka takriban mita 170. Mtu aliyekulia Lalago, anayeiona mvua ikija tangu iko vijiji vitatu mbali, atashangaa mahali ambapo ukungu unakaa juu ya miti asubuhi nzima na mbega wekundu wanarukaruka humo ndani. Treni za TAZARA zilikuwa tayari zinapita chini ya msitu huo mwaka 1979, watafiti walipomtambua kima wa Sanje. Wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, bila shaka. Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa yenyewe ilitangazwa mwaka 1992, na kituo cha Mang'ula hakiko mbali na lango lake.

Baada ya Mlimba reli inaanza kupanda kuelekea Makambako, na hapo ndipo mafundi walipotoka jasho. Kipande hicho peke yake kimebeba karibu asilimia 30 ya madaraja, mahandaki na kazi za udongo za njia nzima. Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50. Handaki la tatu la Irangi lina urefu wa nusu kilomita. Ukiingia humo mchana, giza linakuja ghafla, harufu ya dizeli inajaa behewani, watoto wanapiga kelele, kisha mwanga unarudi na bonde liko chini ya dirisha lako.

Watalii wanalipa maelfu ya dola kupita hapo kwa treni ya kifahari ya Rovos Rail kutoka Cape Town. Hatuwaonei kijicho. Ila treni ya kawaida imekuwa ikipita palepale, ikiwa na mama aliyepakata kuku na mfanyabiashara mwenye mikungu ya ndizi za Mlimba, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo fahari ya TAZARA. Shaba imepanda na kushuka. Reli iliyojengwa ibebe tani milioni 2 kwa mwaka ilifika mahali ikabeba chini ya laki moja, katika mwaka wa fedha 2014/15. Vijiji vya Kilombero viliendelea kuisubiri treni ya abiria stesheni, hata ikichelewa nusu siku.

Mwaka 2025 ulisainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya CCECC ya China, kuifufua reli na kuiendesha kwa miaka 30. Ni kampuni hiyohiyo iliyomo kwenye ujenzi wa reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kwa hiyo hapa Simiyu siyo ngeni. Mwekezaji atafuata mzigo, hilo hatumlaumu. Wajibu wa serikali mbili ni kuhakikisha abiria hasukumwi pembeni.

Tunaomba mambo mawili. Kwa ratiba tulizozizoea, treni inayoondoka Dar es Salaam alasiri hufika Mang'ula usiku, na abiria anaupita msitu amelala. Ipangwe japo safari moja kwa wiki inayopita Udzungwa jua likiwaka. Mwenye haraka apande basi. La pili, daraja la tatu libaki, kwa nauli ambayo mkulima wa Lalago akishauza pamba yake mwezi Julai anaweza kuilipa, yeye na watoto wake, bila kuuza ng'ombe.