Ghala la Mpunga na Binti wa Mwisho: Habari za Wakulima wa Thailand

 Mwezi huu nawaomba mwende pamoja nami kwa fikira hata nchi ya Thailand, ile ambayo vitabu vya zamani huiita Siam, maana jina lake lilibadilishwa mwaka 1939. Miguu yangu haijakanyaga huko. Ninayowaeleza nimeyapata katika kusoma, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima nimeyasoma kwa uchu. Watu wengi wakisikia Thailand hufikiri mji wa Bangkok na hoteli za pwani. Sisi tuwaache wenye hoteli, twende bara kwa watu walimao.

Kaskazini-mashariki ya nchi hiyo kuna uwanda ulioinuka kidogo, uitwao Isan. Ni mikoa 20, nayo ni karibu theluthi moja ya nchi yote, kwa ukubwa wa ardhi na kwa hesabu ya watu. Wenyeji wake wengi ni jamaa za Walao wakaao ng'ambo ya mto Mekong, na lugha ya nyumbani kwao ni moja. Udongo wake ni wa mchanga, haushiki maji. Na mahali pengine chumvi hupanda kutoka chini wakati wa kiangazi, hata ardhi ikawa nyeupe. Katika Isan kuna mbuga pana iitwayo Thung Kula Ronghai, yaani Mbuga ya Wakula Waliao. Husimuliwa kwamba Wakula walikuwa wachuuzi waliozoea safari ndefu, lakini walipoivuka mbuga ile wakakosa maji na kivuli, wakaketi chini wakalia. Na ajabu yake ni hii: mbuga hiyo hiyo ndiyo leo inayotoa mchele maarufu wa asumini, uuzwao katika nchi nyingi. (Jina hilo, wasema, limetoka katika weupe wa ua la asumini, si katika harufu yake.)

Nyumba ya desturi ya Isan ni ya mbao, nayo husimama juu ya nguzo ndefu, hata mtu mzima aweza kupita chini yake bila kuinama. Juu hulala watu. Chini ni mahali pa mambo yote: hapo huwekwa kitanda cha mfumi, maana wanawake wa huko ni wafumaji hodari wa hariri na pamba; hapo mzee huketi akisuka kikapu wakati jua likiwa kali; hapo kuku huparua; na hapo ndipo zamani walipofungwa nyati usiku. Nasema nyati, nanyi msishtuke. Si mbogo wetu wa porini amwuaye mwindaji. Ni nyati wa maji, mnyama mpole, ambaye mtoto mdogo humpanda mgongoni akimpeleka kuoga.

Ubavuni mwa nyumba, peke yake, husimama ghala la mpunga juu ya nguzo zake lenyewe. Mavuno yakija, kwanza hutiwa ghalani chakula cha mwaka mzima, kisha mbegu. Yanayosalia ndiyo yauzwayo. Kwa hiyo nyumba nyingi hupanda mpunga wa namna mbili: ule wa asumini kwa ajili ya soko, na ule wa kunata kwa ajili ya kinywa chao. Na wako wanaofanya sherehe ya kuiita roho ya mpunga irudi nyumbani pamoja na mavuno, kwa kuwa tangu zamani mpunga kwao huhesabiwa kuwa mama.

Wali wao si kama wetu. Mchele wa kunata huloweshwa usiku kucha. Alfajiri mama huutia katika kikapu cha mianzi kilichochongoka chini kama pia, akakitega katika mdomo wa chungu chenye maji yachemkayo, mvuke ukauivisha bila mchele kuyagusa maji. Ukisha kuiva huumwaga juu ya ubao na kuugeuzageuza ili mvuke utoke, kisha huutia katika vikapu vidogo vyenye vifuniko, navyo huchukuliwa hata shambani. Kuula ni kwa mkono: humega tonge, hulifinya kwa vidole, huchovya katika kitoweo. Hapo wasomaji wangu hamna haja ya kufundishwa. Lakini kabla mtu wa nyumbani hajala, sehemu huwekwa kando kwa watawa wa dini ya Budha, ambao hupita asubuhi na bakuli zao, wakitembea kimya bila viatu.

Kitoweo hutoka mle mle shambani. Mvua ikijaza majaruba, samaki wadogo huingia pamoja na maji, na vyura, na kaa, na konokono. Watoto huwavua kwa nyavu na mitego ya mianzi. Samaki wakizidi hutiwa katika mitungi kwa chumvi na pumba za mchele, wakakaa humo miezi mingi. Harufu yake humkimbiza mgeni siku ya kwanza, lakini kwa mtu wa Isan chakula kisicho na maji ya samaki hao hakina ladha. Hata papai bichi hulikwangua wakaliponda kinuni kwa pilipili, ndimu, nyanya na maji hayo. Nami nilipolisoma hilo nilitazama mpapai wangu uani nikajiuliza ni mapapai mangapi tumewaachia ndege kwa kutojua kuyala mabichi.

Mvua huanza mwezi wa Mei. Mwezi huo Bangkok hufanyika ibada ya kifalme ya kulima: ng'ombe wawili huwekewa vyakula saba, nao ni mpunga, mahindi, maharagwe, ufuta, maji, majani na pombe, na kwa kile watakachochagua watabiri huusema mwaka ujao. Umati wa watu hukimbilia kuziokota mbegu zilizomwagwa pale, wakachanganye na mbegu zao. Na huko Isan, katika mkoa wa Yasothon, watu hurusha fataki kubwa mno kuelekea mawinguni kuiomba mvua. Asiyewahi kulima kwa kutegemea mbingu na acheke. Mkulima wa Isan aliye na mfereji wa maji ni wa nadra. Wengine wote hungoja wingu, na wingu lisipokuja mwezi wa Juni, miche hufa kitaluni.

Mvua ikiwa njema, miche huoteshwa kitaluni yapata mwezi mmoja, hung'olewa, hufungwa matita, ikachukuliwa majarubani kupandikizwa. Wapandaji husimama katika tope hata ndama za miguu, wameinama, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, tangu asubuhi hata jua kuzama. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na nyumba moja. Basi zamani walifanya kwa ujima: leo kijiji kizima shambani kwangu, kesho kwako, wala fedha haitajwi, mwenye shamba hupika, na jioni vijana huimba. Mavuno, katika Novemba na Desemba, yalikuwa vivyo hivyo, mundu kwa mundu, mganda kwa mganda.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Desturi ya Isan ni kwamba mwanamume aoapo huhamia kwa wazazi wa mkewe. Wasomaji wetu wa kusini, Wayao na Wamakonde, mwaijua habari hiyo vizuri. Mabinti wakubwa hukaa na wazazi kwa muda, kisha hujenga nyumba zao karibu. Binti wa mwisho haondoki. Yeye na mumewe huwatunza wazee hata siku ya kufa kwao, naye hurithi nyumba na ghala.

Lakini binti wa mwisho ameondoka. Tangu miaka ya 1970 na 1980 viwanda vya Bangkok na vya mikoa ya jirani viliwaita vijana wa Isan, wakaenda kwa maelfu. Yumkini yeye yu katika kiwanda cha nguo, au auza chakula kando ya njia. Mumewe aendesha teksi au ajenga maghorofa. Mtoto wao amebaki kijijini kwa bibi yake, na bibi huyo, mwenye miaka sitini na zaidi, ndiye mkulima. Tuseme ana rai 15. Rai ni kipimo chao cha shamba, mita za mraba 1,600, basi rai 15 ni karibu ekari sita zetu. Atawezaje kuinama katika ekari sita?

Hawezi. Kwa hiyo mbegu hutupwa tu juu ya udongo badala ya kupandikizwa, na magugu huota pamoja na mpunga, na dawa ya magugu hununuliwa. Nyati wameuzwa, karibu na mwaka 1980 walikuwa zaidi ya milioni 5 katika nchi yote, leo hawafiki milioni 2. Badala yao limekuja trekta dogo la magurudumu mawili, ambalo kwetu huitwa pawatila, nao wamelipa jina la nyati wa chuma. Nyati huyu hali majani, bali hunywa mafuta, wala hazai, wala hatoi samadi. Wakati wa mavuno hukodiwa mashine kubwa, ambayo kwa siku moja huvuna na kupura yaliyowachukua watu wa kijiji siku nyingi. Mimi siilaumu mashine. Aliyeinama miaka arobaini amestahili kunyosha mgongo. Ila mpunga utokao mashinini bado una maji, lazima uanikwe, nawe utaona katika picha barabara za lami zimefunikwa mpunga upande mmoja, magari yakipita upande wa pili. Asiye na nguvu za kuuanika huuuza mbichi siku ile ile, kwa bei ya chini.

Na fedha za mbegu, dawa, mafuta na mashine zatoka wapi? Nusu hutoka mjini kwa binti, nusu ni deni. Serikali ilianzisha benki ya wakulima mwaka 1966, nayo imewasaidia wengi, lakini deni la mwaka mbaya hulala pamoja na deni la mwaka mzuri. Mwaka 2011 serikali ya Yingluck Shinawatra iliahidi kununua mpunga wa kawaida kwa baht 15,000 kila tani, bei iliyopita sana ya soko. Walidhani wakiuweka mchele maghalani dunia itapandisha bei. Dunia haikungoja, Uhindi na Vietnam waliuza wao. Mwishoni mwa mwaka 2013 na mwanzoni mwa 2014 wakulima walikuwa wamekwisha kutoa mpunga wao wala hawajalipwa, wakaja Bangkok kudai. Mwezi wa Mei mwaka huo waziri mkuu aliondolewa na mahakama, na jeshi likaishika serikali.

Wengine walikwenda mbali kuliko Bangkok: Taiwan, Korea, na Israeli, ambako mikono ya watu wa Isan imechuma matunda na mboga miaka mingi. Mwezi wa Oktoba 2023, yalipotokea mashambulio katika mashamba yale, Wathai makumi waliuawa na wengine wakatekwa. Nasi Tanzania tulipoteza vijana wetu wawili siku ile, waliokwenda huko kujifunza kilimo. Mama wa Isan na mama wa Tanzania walilia kilio kimoja.

Wenye elimu ya uchumi hufanya hesabu wakasema: shamba la bibi yule ni hasara, hekta moja humpa kama tani mbili tu, afadhali anunue mchele dukani. Kwa kalamu na karatasi hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi. Lakini mwaka 1997 fedha ya Thailand ilipoanguka na viwanda vikafungwa, vijana waliofukuzwa kazi walipanda mabasi wakarudi Isan, wakakuta mpunga ghalani. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalipoufunga mji, walirudi tena, na ghala lilikuwapo. Duka halimkopeshi mtu miezi sita. Binti yule anayetuma fedha za kulipia mashine hununua mpunga ghali kuliko wa sokoni, nami nadhani ajua vizuri anachonunua. Ninaloogopa kwa ajili yao ni jambo jingine: bibi akifa, nani atajua ni jaruba lipi hukauka kwanza, na ni mbegu ipi huvumilia chumvi? Mambo hayo hayakuandikwa, nami nimeyatafuta katika vitabu nisiyaone.

Kila mwaka, tarehe 13 hata 15 Aprili, ndiyo sikukuu yao ya mwaka mpya, iitwayo Songkran. Bangkok hupungua watu, na mabasi ya kwenda Isan hujaa hata njiani. Vijana huwamwagia wazee maji ya manukato mikononi kuwaomba baraka, na kwa siku tatu chini ya nyumba pana kelele kama zamani. Siku ya nne ni ya kurudi. Bibi hufungua ghala, mpunga hukobolewa, mchele hutiwa katika mfuko na kushindiliwa, mfuko ukafungwa kwa kamba ya nailoni na kupakiwa katika basi pamoja na chupa ya maji ya samaki iliyofungwa mara tatu ili abiria wasilalamike. Binti humpa mama yake noti zilizokunjwa, za trekta la Mei. Mama hazihesabu mbele yake. Huzitia kifuani, akamshika mjukuu mkono, wakasimama kando ya njia hata basi likageuka kona ya hekalu.