Emoji si kipimo cha moyo

Emoji huonyesha kile ambacho mtumaji anataka kionekane, na si lazima kiwe ndicho anachohisi. Kwenye kundi la WhatsApp la michango ya harusi huko Mapinga, viganja viwili vilivyokutanishwa ni asante kwa aliyetoa, ombi kwa ambaye bado, na mara nyingi samahani ya yule aliyekwama. Vikiwekwa chini ya taarifa ya msiba, ni dua. Sura inayobubujikwa na machozi nayo, kwa vijana wengi, ni kicheko kilichopitiliza. Mzazi akiipokea hupiga simu kuuliza kulikoni, na afadhali apige. Dalili ya kuaminika zaidi ni mazoea kuvunjika: mtu wa mioyo mitatu kila ujumbe anapojibu "sawa" tupu, hapo pana jambo.

Kompyuta nazo hukwama hapohapo. Mwaka 2017 watafiti wa MIT waliifundisha programu ya DeepMoji kwa twiti bilioni 1.2, ikabashiri ni emoji ipi kati ya 64 ingefuata maneno fulani. Ilijitahidi hata kunusa kejeli, ila twiti zenyewe zilikuwa za Kiingereza. Mkusanyiko wa twiti uitwao AfriSenti, wa mwaka 2023, wenye lugha 14 za Afrika, Kiswahili kikiwemo, uliwategemea wazungumzaji wa lugha hizo waamue kila twiti ni chanya, hasi au haina upande. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo yenye maana.